Ampea-saa Nayo Ni Kipimo: Barua ya Wazi kwa Shirika la Viwango la Uganda

Kwa: Mkurugenzi Mtendaji, Shirika la Taifa la Viwango la Uganda, Bweyogerere.

Nakala: Kamishna wa Forodha, Mamlaka ya Mapato ya Uganda; Kurugenzi ya Zimamoto na Uokoaji, Jeshi la Polisi la Uganda; Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala.

Kuh: Betri za kuiga za mashine za mkono zinazouzwa mtandaoni



Miongoni mwa kazi ambazo sheria imelikabidhi Shirika la Taifa la Viwango la Uganda, maarufu kwa kifupi chake UNBS, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1983 na kuanza kazi mwaka 1989, ni kuhakikisha kwamba mizani ya muuza sukari na pampu ya kituo cha mafuta zinasema kweli, ili mnunuzi asipunjwe. Barua hii inaliomba Shirika liitambue ampea-saa, yaani kizio kinachoonyesha kiasi cha umeme ambacho betri inaweza kuhifadhi na kuutoa, kuwa nayo ni kipimo cha biashara kwa maana ileile ya kilo na lita, na kwamba mfanyabiashara anayewauzia watu wa Kampala betri ya drili au ya grenda yenye ampea-saa za uongo atendewe kama anavyotendewa anayeuza kilo pungufu. Sababu ya ombi hili si hasara ya fedha pekee, ingawa hasara hiyo ingetosha. Ni kwamba katika betri za lithiamu uongo wa kwenye lebo na hatari ya moto hutoka katika chanzo kimoja, kwa hiyo anayeukamata uongo mapema huwa ameuzuia moto kabla haujawaka.

Mashine za mkono zinazotumia betri, yaani drili, grenda, misumeno ya mviringo na mashine za kukazia skrubu, zimeenea katika karakana za Kampala kwa sababu zinazoeleweka. Betri za lithiamu za aina hii, yaani lithiamu-ioni, ziliingizwa sokoni na kampuni ya Sony ya Japani mwaka 1991, zikatumika kwanza katika vifaa vidogo vya elektroniki, na ikapita zaidi ya miaka 10 kabla hazijaweza kuhimili kazi nzito ya fundi. Ilikuwa mwaka 2005 ndipo Makita ya Japani na Milwaukee ya Marekani zilipoanza kuwauzia mafundi mashine za aina hiyo. Fundi wa vyuma wa Katwe, seremala wa Ndeeba au wa Bwaise, na fundi wa madirisha ya alumini anayepanda ghorofa ambayo bado haijaunganishwa na umeme, wote wanaiona faida ya mashine isiyohitaji waya wala jenereta, hasa katika jiji ambalo umeme hukatika bila taarifa, hali ambayo haikukoma mkataba wa kampuni ya Umeme ulipomalizika mwezi Machi 2025 na usambazaji kurudi mikononi mwa kampuni ya serikali, UEDCL. Mashine nyingi hufika mjini zikiwa mitumba, mara nyingine bila betri, na hata iliyonunuliwa mpya huishiwa betri kabla mota yake haijachoka, kwa kuwa betri ya lithiamu hudumu kwa mamia kadhaa tu ya mizunguko ya kuchajiwa na kutumika. Hapo fundi hujikuta mbele ya hesabu ngumu: betri moja halisi ya kampuni yenye jina huweza kukaribia bei ya seti nzima isiyo na asili inayojulikana, yenye mashine, chaja, betri mbili na sanduku lake, huku simu mkononi mwake ikimwonyesha betri inayofanana kabisa na ile halisi kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Kumlaumu mtu huyo kwa kuchagua rahisi ni jambo jepesi, na ni kosa.

Bidhaa anazooneshwa huko mtandaoni ni za aina tatu, na kuzichanganya kumeuharibu mjadala huu. Ipo betri bandia kwa maana kamili ya neno, ambayo imebandikwa jina, rangi na nembo ya kampuni isiyoitengeneza. Ipo betri mbadala, iliyotengenezwa na kampuni nyingine kwa jina lake yenyewe ili iingie katika mashine ya Makita, Bosch au DeWalt; hii si haramu kwa asili yake, na baadhi ya betri hizo zimetengenezwa kwa seli nzuri na kwa uangalifu. Kisha zipo seti zisizo na mwenyewe, zenye maandishi makubwa ya 48VF, 88VF au hata 188VF ubavuni, ambazo ndani yake mara nyingi huwa na seli tano tu, sawa na betri ya kawaida ya volti 18. Herufi ile iliyobandikwa mwishoni humwezesha muuzaji, akibanwa, kudai kwamba namba hiyo ni jina la modeli wala si volti. Aina hii ya tatu ndiyo inayoikwepa sheria kwa ustadi mkubwa kuliko zote, kama itakavyoonekana.

Ili uzito wa ombi hili ueleweke, hapana budi kueleza kilichomo ndani ya ganda la plastiki. Betri ya volti 18 ni mkusanyiko wa vijibetri vidogo vya mviringo vinavyoitwa seli, na seli iliyoenea zaidi huitwa 18650 kwa sababu ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Kila seli hutoa wastani wa volti 3.6 na haipaswi kujazwa kupita volti 4.2, hivyo seli tano zilizounganishwa kwa mfululizo, yaani moja nyuma ya nyingine, hutoa volti 18 kwa wastani na volti 21 zikiwa zimejaa. Ndiyo maana betri ileile huitwa ya volti 18 katika nchi moja na ya volti 20 katika nchi nyingine bila kuwapo tofauti yoyote ndani. Betri kubwa zaidi huwa na seli 10, yaani jozi tano, ambapo volti hubaki zilezile lakini ampea-saa huongezeka maradufu.

Kutokana na maelezo hayo machache, mtu yeyote mwenye karatasi na kalamu anaweza kuzikamata betri nyingi za uongo bila kuzifungua. Seli bora ya 18650 huhifadhi takriban ampea-saa 3.5, na zile zinazoweza kutoa mkondo mkubwa unaohitajiwa na grenda kwa kawaida huishia kwenye 3. Kwa hiyo betri yenye seli 10 za aina hiyo haiwezi kuzidi sana ampea-saa 7, na ya kufanyia kazi kwa kweli huishia kwenye 6. Tangazo linalonadi betri ya ukubwa huo kuwa ina ampea-saa 9 au 12 halitii chumvi, linasema jambo lisilowezekana. Vivyo hivyo, seti ya 88VF, kama ingekuwa na volti 88 kweli, ingehitaji seli zisizopungua 21 kwa mfululizo hata kila moja ikiwa imejazwa hadi pomoni, na seli hizo haziwezi kuenea katika ganda linalokaa kiganjani. Uzito nao husema: seli moja ya 18650 ina gramu kati ya 45 na 50, hivyo seli 10 peke yake hukaribia nusu kilo kabla ya kuongeza ganda na vyuma vya kuunganishia, na betri ya seli hizo iliyoandikwa ampea-saa 6 ikikutwa ina gramu 400, ama ina seli tano zilizofichwa katika ganda la seli 10, ama ina seli hafifu. Mizani ya jikoni inatosha kulijua hilo.

Sasa ijulikane kwa nini uongo huo huzaa moto. Seli ya lithiamu ni karatasi mbili nyembamba za chuma, moja ya shaba na moja ya alumini, zilizopakwa kemikali na kuviringishwa pamoja huku zikitenganishwa na utando wa plastiki, zote zikiwa zimeloweshwa kimiminika kinachoshika moto kwa urahisi. Utando huo ndio mpaka kati ya betri salama na betri inayolipuka, nao ukipata joto la nyuzi 130 au zaidi huanza kuyeyuka, pande mbili zikagusana ndani kwa ndani, shoti ikazalisha joto zaidi, na joto hilo likaamsha kemikali nyingine ambazo nazo hutoa joto lao wenyewe. Hali hiyo ya joto kujiongeza lenyewe bila kuhitaji umeme kutoka nje, ambayo wataalamu huiita mfumuko wa joto, huruka kutoka seli moja hadi jirani yake, hutoa gesi zenye sumu ikiwamo haidrojeni floraidi inayounguza mapafu, na haizimwi kwa kuchomoa chaja. Mtengenezaji mwaminifu huuzuia mwanzo wake kwa njia mbili: huchagua seli zinazolingana na zinazoweza kutoa mkondo mkubwa bila kupata joto kupita kiasi, na huweka kibao cha ulinzi, yaani saketi ndogo inayochunguza volti na joto na kukata umeme mambo yanapoharibika.

Anayeiga huokoa fedha mahali hapohapo pawili. Seli zake huweza kuwa zile zilizotolewa katika betri kongwe za kompyuta mpakato na kuvikwa nailoni mpya yenye maandishi mapya, seli ambazo hazikukusudiwa kamwe kutoa ampea 20 au 30 zinazovutwa na grenda inapokata nondo. Na kwa kuwa joto linalozalishwa ndani ya seli huongezeka mara nne mkondo unapoongezeka mara mbili, seli iliyokuwa salama katika kompyuta hugeuka kuwa hatari katika mashine ya fundi. Kibao cha ulinzi nacho, pale kinapokuwapo, huweza kuwa kinasoma volti za betri nzima tu bila kuitazama kila seli, na huo ni upungufu mkubwa, kwa maana seli tano zilizo katika mfululizo zikiwa hazilingani, ile dhaifu hujaa kabla ya wenzake na kuendelea kusukumiwa umeme kupita volti 4.2 huku chaja ikiona jumla ya volti 21 na kuridhika. Wakati wa kazi mambo hugeuka: ileile dhaifu huisha kwanza na kukamuliwa kupita kiasi, shaba iliyo ndani yake ikaanza kumomonyoka, na siku nyingine ikichajiwa vijidonge vya shaba hiyo huweza kuutoboa utando. Betri iliyofanya kazi vizuri miezi miwili haijathibitisha chochote. Yawezekana katika miezi hiyo miwili ndimo ilimoharibika.

Mazingira ya karakana za Kampala huzidisha madhara. Katika sehemu za maseremala kama Ndeeba na kando ya barabara ya Ggaba huko Nsambya, mashine huchajiwa katikati ya maranda, unga wa mbao, vanishi na tina, chini ya paa la mabati lililoshikana na la jirani. Kwa kuwa umeme hukatika mchana na pengine hurudi usiku, desturi iliyozoeleka ni kuziacha betri kwenye chaja wakati wa kufunga kazi ili zijae alfajiri. Maana yake ni kwamba saa ambayo betri mbovu inaweza kufura na kuwaka ndiyo saa ambayo hakuna anayeitazama, isipokuwa mlinzi au mwanagenzi anayelala humohumo kwa kukosa pango. Mlango umefungwa kwa kufuli kutoka nje. Taarifa ya kesho yake husema, kama zisemavyo taarifa nyingi za moto, kwamba chanzo ni shoti ya umeme, na kauli hiyo hufunika tofauti kati ya waya wa ukutani, ambao ni jukumu la mwenye jengo, na betri, ambayo kuna mtu aliyeiingiza nchini na kuiuza. Kurugenzi ya Zimamoto inaombwa iweke katika fomu zake nafasi ya kuandika kama betri ilikuwa ikichajiwa, ilikuwa ya chapa gani na ilinunuliwa wapi, kwa kuwa bila kumbukumbu hiyo kila mwaka utaanza upya kwa kubahatisha.

Jiji la New York lilitunza kumbukumbu kama hiyo kuhusu baiskeli na skuta za umeme, na mwaka 2023 Idara yake ya Zimamoto ilihesabu mioto 268 iliyotokana na betri za lithiamu pamoja na vifo 18. Kumbukumbu za namna hiyo ndizo zilizoupa mji nguvu ya kupiga marufuku, tangu Septemba mwaka huohuo, kuuzwa kwa vyombo hivyo na betri zake pasipo cheti cha maabara inayotambuliwa, huku mzigo wa sheria ukiwekwa begani kwa muuzaji. Kampala ina mioto yake na masoko yake, na haihitaji kuiga sheria za mji wa mbali; jambo la kuigwa ni kuhesabu kwanza.

Njia ambayo betri hizi hupita kuingia nchini nayo inastahili kutazamwa bila kupepesa macho. Uganda ina mpango wa kukagua ubora wa bidhaa katika nchi zinakotoka kabla hazijapakiwa, unaojulikana kwa kifupi kama PVoC, na mpango huo una maana kwa mwenye kontena linalopita Mombasa na kuvuka mpaka Malaba au Busia, kwa sababu lina nyaraka, mwingizaji anayejulikana na thamani inayostahili gharama za ukaguzi. Betri mbili zilizoagizwa kwa simu na kuchanganywa na nguo, viatu na vipuri katika mzigo wa pamoja wa wakusanyaji wa Guangzhou au Dubai hazina sifa hizo. Zaidi ya hayo, mzigo wa namna hii ukisafirishwa kwa ndege bila kutajwa kuwa una betri, hatari huanza angani: tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya kampuni ya UPS, iliyokuwa imebeba betri nyingi za lithiamu, ilishika moto muda mfupi baada ya kuruka kutoka Dubai na ikaanguka, na marubani wake wawili wakafa. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kama shehena zilipigwa marufuku katika ndege za abiria, na zile za ndege za mizigo zikatakiwa zisiwe na chaji inayozidi asilimia 30. Kuna kinaya kidogo hapa ambacho wauzaji hawajakigundua: abiria haruhusiwi kubeba betri inayozidi wati-saa 160, na wati-saa hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea-saa, hivyo betri ya volti 18 iliyoandikwa ampea-saa 9, lebo yake ikiaminiwa, ina wati-saa 162 na haipaswi kupanda ndege na abiria yeyote.

Itaulizwa kama sheria zilizopo hazitoshi. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inazitaja bidhaa bandia za kila aina miongoni mwa zile zilizokatazwa kuingizwa, na Sheria ya Alama za Biashara ya Uganda ya mwaka 2010 inampa mwenye nembo haki ya kumshitaki anayeiiba. Kenya ilikwenda mbele zaidi kwa kutunga sheria maalumu ya kupambana na bidhaa bandia mwaka 2008, na Tanzania huitumia Tume yake ya Ushindani kwa kazi hiyo chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, ilhali muswada wa Uganda umekuwa ukijadiliwa kwa miaka mingi. Muswada huo ni wa kuungwa mkono. Hata hivyo, sheria zote za namna hiyo zimejengwa juu ya nembo, na kazi yake ya kwanza ni kumlinda mwenye nembo. Seti ya 88VF haijaiba nembo ya mtu. Betri mbadala yenye seli kongwe na jina lililobuniwa jana haina mwenye nembo wa kulalamika. Na kampuni kubwa ya ng'ambo haina haraka ya kufungua kesi Kampala kwa ajili ya seremala wa Bwaise. Anayedhulumiwa hapo ni mnunuzi, naye alichodhulumiwa ni kipimo. Sheria ya Mizani na Vipimo, ambayo utekelezaji wake uko chini ya Shirika lenyewe, ndiyo iliyo karibu zaidi na jambo hili kuliko sheria yoyote ya nembo, na ikiwa maneno yake ya sasa hayaifikii ampea-saa, kanuni za kuifikisha huko ni kazi ndogo kuliko kutunga sheria mpya.

Haifai pia kudhani kwamba mtengenezaji mwenye jina hakosei. Mwezi Agosti 2006 kampuni ya Dell ililazimika kuzirudisha betri milioni 4.1 za kompyuta zilizokuwa na seli za Sony, na mwaka 2016 Samsung iliziondoa sokoni simu zake za Galaxy Note 7 baada ya betri zake kuwaka. Tofauti iko katika kinachofuata baada ya kosa: betri hizo zilikuwa na namba, kumbukumbu na mwenyewe, hivyo aliyezinunua aliweza kutafutwa na kuambiwa asizitumie. Betri ya kuiga iliyonunuliwa kwa muuzaji ambaye kesho atabadilisha jina la ukurasa wake haina wa kuiita irudi, na mnunuzi wake ameuziwa mbuzi kwenye gunia kwa maana isiyo na fumbo. Wakati huohuo kampuni kubwa haziwezi kuachwa bila neno, kwa sababu kubadilisha umbo la pachiko la betri kati ya chapa na chapa na kupandisha bei ya betri moja hadi karibu ya mashine nzima ndiko kulikolifungua soko hili. Amri ya kupiga marufuku kila betri isiyo na nembo ya mwenye mashine ingewanufaisha wao na kumwacha fundi bila riziki.

Kwa hiyo linaloombwa ni jambo jembamba zaidi kuliko marufuku. Kila betri ya lithiamu ya mashine za mkono inayouzwa Uganda iandikwe idadi na aina ya seli, volti za wastani, ampea-saa, wati-saa, pamoja na jina na mahali pa mwingizaji aliyeko nchini, na maonyo yake yaandikwe pia kwa Kiganda na Kiswahili, ambacho Baraza la Mawaziri lilikikubali mwaka 2022 kiwe lugha rasmi na ambacho hakijapata nafasi hata kwenye ganda la betri. Maofisa wa forodha wa Entebbe na wa mipakani wapewe mizani ndogo na jedwali la ukurasa mmoja linaloonyesha uzito wa chini na ampea-saa za juu kwa kila idadi ya seli, ili kifurushi chenye namba zisizowezekana kizuiwe palepale bila kusubiri maabara. Betri zinazopita kichujio hicho zipimwe kwa sampuli huko Bweyogerere, na kipimo chenyewe si kigumu, maana betri ya kweli ya ampea-saa 5 ikitolewa umeme kwa ampea 5 inapaswa kudumu karibu saa moja, na inayokwisha baada ya dakika 20 imejishitaki yenyewe. Kwa usalama wa seli upo tayari mtihani wa kimataifa uitwao IEC 62133-2, na kwa usafirishaji upo ule wa Umoja wa Mataifa unaojulikana kama UN 38.3; mwingizaji atakiwe kuonyesha ripoti ya mitihani hiyo yenye jina la bidhaa anayoiuza, si ya nyingine inayofanana nayo.

Kuhusu muuzaji wa mtandaoni, kanuni moja ingetosha kwa kuanzia: anayetangaza kwa wanunuzi walioko Uganda na kupokea malipo yao kwa pesa za simu awe na anwani inayofikika, na tangazo lenye ampea-saa au volti zisizowezekana liondolewe kwa amri ya Shirika, mwenye jukwaa akiwajibika iwapo atalirudisha. Wenye leseni za kusafirisha vifurushi, ambao huwa chini ya Tume ya Mawasiliano ya Uganda, wanaweza kutakiwa wakatae mzigo wa betri usiotajwa.

Liko pia kundi la mafundi ambalo serikali ingefanya vema kulitambua kabla ya kulibughudhi. Pikipiki za umeme zinazobadilishiwa betri vituoni zimeizalishia Kampala vijana wanaojua kupima seli, kuzilinganisha, kuziunganisha kwa mashine ya kuchomelea kwa nukta na kuweka kibao cha ulinzi kinachotazama kila seli. Betri halisi iliyochoka, ganda na saketi yake vikiwa vizima, ikijazwa seli mpya zenye asili inayojulikana, huweza kuwa salama kuliko betri mpya ya kuiga na rahisi kuliko betri mpya halisi. Mafunzo mafupi, cheti na orodha ya wauzaji wa seli wanaoaminika vingewatoa vijana hao vichochoroni.

Betri zilizokufa nazo zina mwisho wake. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 inatambua wajibu wa mwenye bidhaa mpaka inapokuwa taka, lakini betri ya bei ya kutupwa hutupwa kweli, ndani ya gunia moja na maganda ya matoke, na gari la taka linapoishindilia huweza kuwaka. Baada ya maafa ya dampo la Kiteezi ya tarehe 10 Agosti 2024, yaliyoua watu zaidi ya 30, Mamlaka ya Jiji haihitaji kukumbushwa kwamba waokota taka ni watu. Anayeuza betri apokee kongwe.

Mpaka hayo yatakapotendeka, mafundi wenyewe wanashauriwa kuzipima betri kwa mizani kabla ya kulipa, kuchaji juu ya saruji mbali na maranda wakiwa macho, kutoendelea kutumia betri iliyofura, iliyopasuka au inayonuka, na kukumbuka kwamba betri ya lithiamu inayowaka hupozwa kwa maji mengi baada ya chaja kuchomolewa ukutani, kwa kuwa unga wa kuzimia moto huzima mwali bila kuzuia joto la ndani kurudi, na kwamba mtu asibaki kuvuta moshi wake.

Shirika linaombwa lianze na betri za volti 18 tu. Linunue sampuli mtandaoni kama anavyonunua mteja wa kawaida, bila kumjulisha muuzaji, lizipime uzito na ampea-saa, lizifungue, na litangaze redioni na magazetini matokeo ya kila moja pamoja na jina la chapa, jina la muuzaji, ampea-saa zilizoandikwa na zile zilizokutwa.